Silesia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nchi ya Odra na makaa ya mawe

Tangu nihamie Katowice, ndugu na marafiki wananiuliza maswali yaleyale: hapo ulipo ni Polandi kweli? Mbona majina ya Kijerumani yamejaa? Nimeyakusanya hapa. Jibu fupi ni kwamba Silesia ni nchi ambayo mipaka yake imehamahama juu ya vichwa vya watu waliokuwa wametulia makwao. Jibu refu ni hili linalofuata.

Silesia iko wapi hasa?

Kusini-magharibi mwa Polandi. Ukitaka kuishika haraka kwenye ramani, fuata mto Odra. Unaanzia Ucheki, unaingia Polandi karibu na Racibórz, unapita Opole, Wrocław na Głogów, kisha unaelekea kaskazini hadi Bahari ya Baltiki, safari ya takriban kilomita 854. Silesia ni bonde la sehemu ya juu na ya kati ya mto huo. Upande wa kusini imefungwa na milima ya Sudety, ambayo kilele chake kirefu ni Śnieżka, mita 1,603, mpakani kabisa mwa Polandi na Ucheki. Kusini-mashariki kuna milima ya Beskidy, na huko kwenye mlima Barania Góra ndiko unakochimbuka Wisła, mto mrefu kuliko yote ya Polandi. Watu wengi husahau hilo: mto unaopita Kraków na Warszawa umezaliwa Silesia.

Eneo lote la kihistoria ni takriban kilomita za mraba 40,000. Sehemu kubwa imo Polandi, kipande kiko Ucheki, kuzunguka Opava na sehemu ya Ostrava, na kipembe kidogo kiko Ujerumani upande wa Görlitz.

Jina limetoka wapi?

Kwa Kipolandi ni Śląsk, kwa Kijerumani Schlesien, kwa Kicheki Slezsko, na wenyeji wanaoongea Kisilesia husema Ślōnsk. Kusini mwa Wrocław kuna mlima unaosimama peke yake katikati ya tambarare, Ślęża, wenye mita 718. Ulikuwa mahali pa ibada kabla ya Ukristo, na sanamu za mawe za kale bado zipo pale. Wataalamu wengi huunganisha jina la nchi na mlima huo, na mto Ślęza na kabila la Ślężanie walioishi hapo. Wengine hulirudisha jina kwa Wasilingi, tawi la Wavandali, kabila la kale la Kijerumani. Mjadala huo umebeba siasa nyingi kuliko isimu, kwa sababu aliyetaka nchi iwe ya Kislavu alishika mlima, na aliyetaka iwe ya Kijerumani alishika Wavandali.

Kwa nini Silesia ya Juu iko kusini, na ya Chini iko kaskazini?

Kwa sababu hesabu ni ya mto. Juu ni Odra unakotoka, Chini ni unakoelekea. Silesia ya Chini ina mji wake mkuu Wrocław, na ni nchi ya mashamba, ngome na miji ya kale. Silesia ya Juu, ambayo zamani moyo wake ulikuwa Opole, leo inajulikana zaidi kwa Katowice na miji iliyoungana nayo, kama Gliwice, Zabrze, Bytom na Chorzów. Miji hiyo imesongamana mpaka unavuka kutoka mmoja kwenda mwingine kwa tramu bila kujua. Tangu 2017 manispaa 41 za huko zimeungana katika shirikisho moja la kiutawala lenye watu zaidi ya milioni 2.

Mkoa wa Śląsk wa leo ndio Silesia yenyewe?

Hapana, na ukikosea hapa mbele ya wenyeji utasahihishwa papo hapo. Silesia ya kihistoria leo imegawanywa hasa katika mikoa mitatu: wa Silesia ya Chini, wa Opole, na huu unaoitwa wa Silesia wenye makao Katowice. Lakini mkoa huu wa tatu umebeba pia Częstochowa na Sosnowiec, ambazo kihistoria si Silesia hata kidogo. Ni za Polandi Ndogo, eneo la kihistoria la upande wa Kraków.

Katowice na Sosnowiec zinatenganishwa na vijito viwili, Brynica na Przemsza, ambavyo mtu angevivuka bila kuvijali. Lakini mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia, upande mmoja ilikuwa dola ya Ujerumani na ng'ambo dola ya Urusi. Karibu na Mysłowice, pale Przemsza Nyeupe inapokutana na Przemsza Nyeusi, Austria nayo ilifika ukingoni, na mahali pale pakaitwa Pembetatu ya Makaizari Watatu. Ukisimama pale leo unaona maji mawili yakikutana, miti, na daraja la reli. Tawala zote tatu zilianguka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini utani kati ya watu wa Katowice na Sosnowiec bado unaendelea.

Silesia ilikuwa ya Polandi tangu lini, na ilitokaje mikononi mwake?

Mieszko I, mtawala wa kwanza wa Polandi aliyebatizwa, aliichukua kutoka kwa Wacheki karibu na mwaka 990. Mwaka 1000 Wrocław ikapata askofu wake. Mwaka 1138 mtawala Bolesław aliyeitwa Mdomo-uliopinda alifariki akiwa amewagawia wanawe nchi, na Silesia ikaenda kwa mkubwa wao, Władysław. Wajukuu wakagawana tena, na vitukuu vilevile, mpaka ikawa vitawala vidogo vidogo, kila mji na mkuu wake.

Katikati ya mgawanyiko huo ndipo walipofika Wamongolia. Tarehe 9 Aprili 1241, karibu na Legnica, Henryk II aliyeitwa Mcha Mungu aliwakabili na akauawa. Mama yake, Jadwiga, alikuwa hai bado. Miaka 26 baadaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu, na kaburi lake liko Trzebnica, kaskazini mwa Wrocław.

Wakuu hao wadogo walianza kuegemea upande wa Bohemia, ufalme wa Wacheki, mmoja baada ya mwingine. Kwa mapatano yaliyoanza 1335 mfalme Kazimierz wa Polandi aliyaacha madai yake, na mwaka 1348 Silesia ikaunganishwa rasmi na taji la Bohemia. Mwaka 1526 mfalme wa Bohemia alikufa vitani Mohács, na nchi ikaangukia ukoo wa Habsburg wa Austria. Mnamo Desemba 1740 Friedrich II wa Prussia, dola ya Kijerumani ya kaskazini, aliivamia, miezi miwili tu baada ya Maria Theresia kurithi kiti cha baba yake. Alipewa sehemu kubwa kwa mkataba wa 1742 na kuthibitishiwa mwaka 1763. Austria ikabaki na Cieszyn, Opava na Krnov.

Kwa hiyo, kutoka karne ya 14 hadi 1922 Silesia haikuwa chini ya Polandi. Lakini Kipolandi hakikuondoka vijijini, hasa Silesia ya Juu.

Ni kweli sentensi ya kwanza ya Kipolandi iliandikwa huko?

Ndiyo, na ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Katika kitabu cha watawa wa Henryków, kusini mwa Wrocław, kilichoandikwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1270, mtawa alikuwa akieleza jinsi abasia ilivyopata mashamba yake. Akafika kwa mtu mmoja aitwaye Boguchwał. Mke wa Boguchwał alikuwa anashinda kwenye jiwe la kusagia, akisaga nafaka kwa mkono, na mume akamwonea huruma. Akamwambia: *Day, ut ia pobrusa, a ti poziwai.* Yaani: hebu nisage mimi, wewe pumzika.

Wakati ule kusaga ilikuwa kazi ya wanawake, na majirani wakamtania mpaka akapachikwa jina la Brukał. Kijiji chake bado kinaitwa Brukalice. Angalia waliohusika: mume alikuwa Mcheki, alikuwa akiongea na mkewe kwa lugha ya pale, na aliyeandika anadhaniwa kuwa mtawa Mjerumani. Kitabu hicho kiliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2015.

Nimesikia kuna makanisa makubwa ya miti na udongo. Yalijengwaje?

Yako Świdnica na Jawor, Silesia ya Chini. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini kwisha mwaka 1648, kaizari wa Habsburg, Mkatoliki, alilazimika kuwaruhusu Walutheri wa Silesia wajenge makanisa matatu. Ruhusa ilikuja na masharti ya kukomoa: yajengwe nje ya kuta za mji, yasiwe na mnara, yakamilike ndani ya mwaka mmoja, na yasitumie jiwe wala tofali, ila mbao, udongo, mchanga na majani makavu.

Walijenga hivyohivyo. Kanisa la Głogów liliungua katika karne ya 18. Mawili yamesimama hadi leo, zaidi ya miaka 360, kwa nguzo za mbao zilizojazwa udongo katikati, ufundi ambao yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo ataelewa mara moja. Kwa nje hayavutii sana. Ndani, lile la Świdnica lina roshani juu ya roshani, mapambo mpaka darini, na nafasi ya watu kama 7,500.

Makaa ya mawe yaliibadilishaje nchi?

Yaliigeuza juu chini. Kwanza hayakuwa makaa, yalikuwa madini ya risasi na fedha huko Tarnowskie Góry. Migodi ile ilikuwa inajaa maji, na mwaka 1788 Prussia ikafunga pale injini ya mvuke iliyoletwa kutoka Uingereza, miongoni mwa za mwanzo barani Ulaya nje ya Uingereza. Mwaka 1796 Gliwice ikawasha tanuri la kuyeyushia chuma kwa makaa ya koki. Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio: zinki, chuma, reli, na makaa yakichimbwa chini ya vijiji vilivyokuwa na ng'ombe na viazi tu. Katowice yenyewe haikuwa mji mpaka 1865.

Utajiri huo ulikuwa wa wachache. Wakuu wa Pszczyna na ukoo wa Donnersmarck walikuwa na majumba kama ya wafalme, huku wachimbaji wakishuka shimoni kwa zamu. Silesia ya Chini nako wafumaji wa Bielawa na Pieszyce, waliokuwa wakifuma majumbani kwa ujira uliokuwa ukipungua kila msimu, waliasi mwaka 1844, na askari wa Prussia wakawapiga risasi.

Ilikuwaje kuhusu kura ya 1921?

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Polandi ilizaliwa upya na Silesia ya Juu ikabishaniwa. Wapolandi wa huko waliasi mara tatu, 1919, 1920 na 1921, na sura yao ilikuwa Wojciech Korfanty, mtoto wa mchimbaji aliyewahi kuwa mbunge Berlin. Kati ya uasi wa pili na wa tatu, tarehe 20 Machi 1921, watu walipiga kura. Takriban asilimia 60 walichagua Ujerumani na 40 Polandi.

Watu wengi hudhani maana yake ni Wajerumani asilimia 60. Si hivyo. Wako waliokuwa wakiongea lugha ya Kislavu nyumbani na wakachagua Ujerumani, kwa kuhofia umaskini wa dola changa, kwa mazoea, au kwa sababu mishahara na pensheni zilitoka huko. Nyumba nyingine ziligawanyika, kaka huku na kaka kule.

Mei 1921 uasi wa tatu ulifika hadi Mlima wa Mtakatifu Anna, mahali pa hija pa Wasilesia wote, na watu wa kijiji kimoja wakapigana wao kwa wao. Shirikisho la Mataifa likaigawa nchi. Polandi ilipata kama theluthi moja ya ardhi, lakini humo ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya migodi na viwanda. Iliipa sehemu yake mamlaka ya ndani, bunge lake Katowice na hazina yake. Wasilesia wengi bado wanaitaja miaka hiyo kwa fahari.

Mtu angeweza kubadilisha nchi ngapi bila kuhama?

Aliyezaliwa Katowice 1905 alizaliwa Ujerumani. Akiwa na miaka 17 alijikuta Polandi, akiwa na 34 Ujerumani tena, na akiwa na 40 Polandi. Cieszyn ni zaidi. Mji ulikuwa wa Austria mpaka 1918. Mwaka 1920 mto Olza ulifanywa mpaka na mji ukakatwa vipande viwili, kitovu na kanisa la kale upande wa Polandi, stesheni ya reli upande wa Chekoslovakia. Mwaka 1938 Polandi ikachukua ng'ambo ile, mwaka uliofuata Ujerumani ikachukua yote, na 1945 mpaka ukarudi mtoni. Leo unavuka daraja kwa miguu bila kuonyesha pasipoti. Kikanisa cha mviringo cha Cieszyn ukitaka kukiona, kimechorwa kwenye noti ya zloti 20.

Vita vya Pili vya Dunia viliwafanya nini?

Jioni ya tarehe 31 Agosti 1939, watu wa Hitler walijifanya wavamizi wa Kipolandi wakaingia kituo cha redio cha Gliwice, ili kupata kisingizio cha vita. Mnara wa kituo hicho, wa mbao, mita 111, bado umesimama.

Chini ya Wanazi Wasilesia waliandikishwa kwenye orodha ya mafungu manne, kutoka Mjerumani kamili hadi wa kushukiwa, na vijana wakapelekwa jeshini. Aliyekataa alihatarisha familia nzima. Wayahudi wa miji hii walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ambayo ni mwendo mfupi tu kutoka Katowice. Jeshi la Kisovieti lilipofika mwanzoni mwa 1945, makumi ya maelfu ya wanaume wa Silesia ya Juu walikamatwa na kupelekwa kufanya kazi kwenye migodi ya Donbas, mashariki mwa Ukraine, na kwingineko. Wengi hawakurudi. Kwa miaka zaidi ya 40 haikuruhusiwa kulizungumza jambo hilo hadharani, na bibi mmoja jirani yangu, akilitaja, bado hushusha sauti.

Kwa nini Wrocław ina kumbukumbu nyingi za Lwów?

Kwa sababu sehemu ya watu wake walitoka huko, mji ambao leo ni Lviv wa Ukraine. Wrocław, iliyokuwa Breslau, ilitangazwa ngome, ikazingirwa, na haikusalimu amri mpaka 6 Mei 1945, siku nne baada ya Berlin. Washindi wakausogeza mpaka wa Polandi magharibi. Wajerumani waliobaki wakafukuzwa, na Wapolandi waliopoteza makwao mashariki wakaletwa kwa treni, na ng'ombe na masanduku yao. Maktaba ya Ossolineum ilihamia Wrocław, na sanamu ya shaba ya mwandishi Aleksander Fredro, akiwa ameketi, ilisafirishwa kutoka Lwów ikawekwa uwanja mkuu, karibu na pale ilipokuwa imesimama sanamu ya mfalme wa Prussia. Familia iliyoingia nyumba ya watu waliofukuzwa ilikuta vikombe mezani. Hao nao waliacha vikombe vyao kule.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, wa mtu mmoja hasa. Emin Pasha, yule ambaye Stanley alivuka Kongo kumfuata, alizaliwa Opole mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, katika familia ya Kiyahudi, akakulia Nysa. Kwenye karamu ya Bagamoyo mwaka 1889 alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Mwaka 1890 alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na mwaka 1892 aliuawa Kongo.

Wengi huuliza pia kuhusu wakimbizi wa Kipolandi wa Tengeru, karibu na Arusha. Wale waliofika kuanzia 1942 hawakuwa Wasilesia. Walitoka nchi za mashariki, zilezile walikotoka baadhi ya wakazi wapya wa Wrocław. Stalin ndiye aliyewang'oa.

Kisilesia ni lugha au lahaja?

Kinatokana na mizizi ya Kipolandi, kikiwa na maneno mengi ya Kijerumani na Kicheki. Mgodi huitwa *gruba*, zamu *szychta*, bibi *starka* au *oma*. Kina tahajia yake, na vitabu vinachapishwa. Katika sensa ya 2021 zaidi ya watu 450,000 walisema wanakitumia nyumbani. Mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kukitambua kuwa lugha ya eneo, na rais akakataa kuisaini. Mimi naona lugha inayotumika kusali, kuimba na kuandika hivyo inastahili kuitwa lugha.

Migodi bado inafanya kazi?

Baadhi. Mapatano ya 2021 kati ya serikali na vyama vya wafanyakazi yamepanga ya mwisho ifungwe 2049. Chama cha wafanyakazi hapa si jambo dogo: tarehe 16 Desemba 1981, siku tatu baada ya utawala wa kijeshi kutangazwa, wachimbaji 9 wa mgodi wa Wujek mjini Katowice waliuawa kwa risasi wakigoma.

Kila tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wao, wachimbaji huvaa sare nyeusi na kofia zenye manyoya juu, na bendi hupita mitaani alfajiri. Ukitaka kuona walivyoishi, nenda Nikiszowiec, mtaa wa wachimbaji ndani ya Katowice: majengo ya matofali mekundu, fremu za madirisha zimepakwa rangi nyekundu, na nyua za ndani ambamo zamani palikuwa na tanuri za mikate na mabanda ya nguruwe. Ukitaka kushuka chini, mgodi wa Guido huko Zabrze unapeleka wageni mita 320.

Wanakula nini Jumapili?

*Rolada*, nyama ya ng'ombe iliyopondwa, ikapakwa haradali, ikawekwa kitunguu, tango la chumvi na kipande cha nyama ya nguruwe, ikakunjwa na kupikwa taratibu. Kabichi ya zambarau. Na *kluski*, vidonge vya viazi. Jirani yangu huyohuyo ndiye aliyenifundisha. Ponda viazi vilivyochemshwa, visawazishe sufuriani, chora msalaba juu, toa robo moja. Pale ulipotoa jaza unga wa wanga wa viazi, kisha rudisha ile robo na ukande vyote. Huna haja ya mizani. Viringisha vidonge, bonyeza kila kimoja kwa kidole gumba kipate shimo, tia kwenye maji ya chumvi yanayochemka, na vikielea subiri kidogo uvitoe. Nilipomuuliza shimo ni la nini, alichukua upawa akalijaza mchuzi.